Hirizi Iliyovaa Jezi

Mhadhara kwa walimu wa michezo na wanafunzi, Mbeya

Ugonile ndugu zangu wa Rungwe na Kyela, kamwene mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa na Njombe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Chai nimeiona imeshaingia, kwa hiyo sitawaweka sana.

Nianze na neno lenyewe. Sisi tunasema maskoti, watoto wanasema mdoli wa timu. Asili yake ni kusini mwa Ufaransa, katika lugha ya watu wa Provence, ambako mchawi aliitwa masco na hirizi ikaitwa mascoto. Mwaka 1880 mtunzi Edmond Audran alionyesha Paris opereta yake La Mascotte, kisa cha msichana mchunga batamzinga ambaye kila anakokaa neema inaingia. Kuanzia hapo neno likaenea.

Naona mnacheka. Hapa kwetu si tuna kamati ya ufundi? Na kila mtu humu ndani anajua kwamba ufundi huo si wa kupiga krosi. Tumeshuhudia timu nzima ikiruka ukuta wa uwanja na mlango uko wazi. Basi maskoti ni ndugu wa mambo hayo. Wenzetu walichofanya ni kuitoa hirizi mfukoni, wakaivalisha jezi na kuipeleka mbele ya watu.

Kombe la Dunia lilimpata wa kwanza mwaka 1966, Uingereza: simba aitwaye Willie, kazi ya mchoraji Reg Hoye, kifuani bendera ya nchi. Wenyeji wakabeba kombe, ingawa Wajerumani goli la tatu la fainali wanalibishia mpaka leo. Waliofanya biashara waliona kitu kingine kabisa: mdoli anauzika.

Lakini maskoti ninayemheshimu ni mbwa. Michezo ya Olimpiki ya Munich, 1972, ilimleta Waldi, yule mbwa mrefu wa miguu mifupi. Ndiye maskoti rasmi wa kwanza wa Olimpiki ya kiangazi. Msanifu wake, Otl Aicher, alimpaka kichwa na mkia bluu ya anga, kiwiliwili milia ya rangi zilizopoa. Nyekundu hamwioni. Ujerumani ilikuwa haijaandaa Olimpiki tangu Berlin ya Hitler, 1936, na nyekundu ilikuwa bado inanukia Unazi. Kwa hiyo mdoli wa watoto alibebeshwa ujumbe wa taifa zima: sisi si wale. Hata njia ya marathoni waliichora ikafuata umbo la mbwa huyo. Halafu Septemba, michezo ikiendelea, watu 11 wa timu ya Israeli wakauawa. Hirizi haikukinga kitu.

Miaka minane baadaye Moscow ilimtoa Misha, dubu wa Viktor Chizhikov, mkanda kiunoni na pete tano za Olimpiki kwenye bizimu. Huyu anatuhusu. Marekani na wenzake walisusa, sisi tukaenda, na mbele ya dubu huyo Filbert Bayi akachukua fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akachukua fedha katika mita 5,000. Hadi leo Tanzania haina medali nyingine ya Olimpiki. Siku ya kufunga, sura ya Misha iliyopangwa kwa kadi jukwaani ilidondosha chozi, kisha mdoli mkubwa wa maputo akapaa juu ya uwanja na kutokomea. Walimu, hakuna mtu anayelilia nembo. Dubu walimlilia.

Mwaka 2010 Afrika Kusini wakamtoa Zakumi, chui mwenye nywele za kijani. Za ni kifupi cha jina la nchi yao, na kumi ni kumi hii hii yetu. Walimtungia hata siku ya kuzaliwa: Juni 16, tarehe ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto, na mwaka wakampa 1994, ule wa uchaguzi wao wa kwanza wa watu wote. Jina moja, historia nzima ndani.

Sasa AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Uchaguzi wa maskoti hauko mikononi mwetu humu ukumbini, ila wa mashindano ya shule zetu uko. Na kila mwaka tunaleta simba! Mara moja tukaleta tembo. Mkuu wa shughuli aliagiza ashonwe kwa godoro kuukuu, na mtoto wa kidato cha pili akatiwa ndani. Julai ya Mbeya mnaijua, sweta juu ya sweta. Yeye peke yake alikuwa anachuruzika jasho. Matundu ya macho yalikaa usawa wa paji la uso, akamkanyaga mpiga tarumbeta. Tulipomvua kichwa, mvuke ulitoka kama sufuria ya ugali.

Mimi nampigia debe kipunji. Tumbili huyu wataalamu walimtangaza kwa dunia mwaka 2005, baada ya kumsikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Anaishi misitu ya Rungwe na Kitulo, na wengine wako Ndundulu, kule Udzungwa, kwa hiyo watu wa Iringa msininunie. Ana manyoya marefu, amejivalia sweta kama sisi, na nywele za utosini zimesimama wima. Anapolia ni kama mbwa amemeza honi. Mashabiki wakiuiga mlio huo, tarumbeta za nini?

Karatasi za kuchorea ziko pale mezani. Mwenye godoro kuukuu aniletee, ila safari hii matundu ya macho nitayapima mwenyewe.