Jinsi ya kupima oksijeni inayoliwa na seli za ubongo, twende mdogo mdogo

Mambo zenu wakuu, karibuni tena maabara, leo tunapima oksijeni inayotumiwa na seli za ubongo tulizokuza wenyewe, mashine ni Seahorse, inayosoma oksijeni na asidi kwenye pleti ya vishimo 96. Ubongo una kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ukiwa umejikalia zako tu, sasa huo ulaji ndo tunautafuta kwa namba.

Kazi inaanza jana yake. Katriji yenye sensa iloweke usiku kucha kwenye inkubeta ya nyuzi 37 isiyo na kaboni dayoksaidi, na mashine iwashe mapema ishike joto. Kwa hapa Dar hakikisha AC haipulizi mashine moja kwa moja, na kama hamna UPS bora msianze, umeme ukikata katikati seli zako zimeshamwagiwa dawa na hakuna kurudia.

Pleti nayo, niuroni (seli za neva) hazishiki plastiki tupu, paka poli-D-laisini kwanza, hiyo ni kama gundi ya kuzishikiza. Vishimo vinne vya kona usiweke seli, hivyo ndo vya kulinganishia.

Haya, siku yenyewe. Tunabadilisha midia, yaani maji ya kulishia seli, tunaweka isiyo na bikaboneti, kwa sababu mashine inasoma na asidi inayotoka kwenye seli na bikaboneti ingeimeza yote. Ndani weka glukosi milimola 10, piruveti 1, glutamini 2, pH iwe 7.4 na uipime ikiwa na joto la nyuzi 37, sio ya baridi toka friji. Sasa angalieni mkono wangu hapa: ncha ya pipeti inagusa ukuta wa kishimo, haiendi katikati, nafyonza taratibu na nabakiza kidogo chini, alafu namimina ya mpya ikiteremka ukutani. Ukipiga katikati niuroni zinabanduka zote kama utando, utaziona zinaelea. Rudia mara mbili, malizia maikrolita 180, kisha pleti ikae inkubeta isiyo na kaboni dayoksaidi dakika 45 mpaka saa moja.

Wakati inasubiri jaza dawa kwenye katriji. Tundu A oligomaisini maikrolita 20, B ni FCCP 22, C rotenoni na antimaisini kwa pamoja 25.

Zinafanya nini? Chukulia mitokondria, vile viwanda vya nishati ndani ya seli, ni simtanki na pampu yake. Pampu inapandisha protoni kwa kuchoma oksijeni, zikishuka kupitia bomba ndo ATP, nishati ya seli, inatengenezwa. Oligomaisini inafunga bomba, tanki linajaa, pampu inapunguza mwendo, na oksijeni iliyopungua hapo ndo ilikuwa inaenda kwenye ATP. FCCP inatoboa tanki, pampu inakimbia mpaka mwisho wa uwezo wake. Rotenoni na antimaisini zinazima pampu kabisa, kinachobaki sio cha mitokondria, kitoe kwenye hesabu.

FCCP ndo inayosumbua watu wengi. Ikiwa ndogo hufiki kilele, ikizidi inaua pumzi yenyewe na utaandika kwamba seli zako dhaifu kumbe dozi. Jaribu kuanzia maikromola 0.25 hadi 2 kwa kila aina ya seli, usikopi ya mwenzako anayefanya seli za ini.

Ingiza pleti, bonyeza. Sensa zinashuka mpaka karibu na seli, zinafungia kimaji kidogo sana na kuangalia oksijeni inavyopungua kwa kama dakika tatu, zinapanda, zinachanganya, tena. Namba zinatoka kwa pikomoli kwa dakika. Kilele cha FCCP ukitoa namba ya mwanzo kabla ya dawa ndo akiba, na mimi hiyo akiba naiangalia kuliko namba ya mwanzo, maana niuroni inaweza kuonekana iko poa kumbe haina pa kukimbilia kazi ikizidi.

Ukiwa na astrosaiti, seli za ubongo zinazosaidia niuroni, utaona asidi nyingi, zenyewe zinapenda kuvunja glukosi mpaka lakteti. Ila msikimbilie kuita asidi yote lakteti, kaboni dayoksaidi ya mitokondria nayo inatia asidi kwenye maji.

Ikimaliza usitupe pleti! Paka rangi ya Hoechst inayong'arisha viini vya seli, hesabu viini kishimo kwa kishimo, gawanya oksijeni kwa idadi ya seli, ndo ulinganishe kishimo na kishimo.