Kulungu Anapokushtukia

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Msimu wa upinde hapa Pennsylvania unakaribia, na baadhi yenu mmeshamaliza kozi ya uwindaji. Leo nina jambo moja tu: zile dakika kulungu anapokushtukia.

Jina lenyewe, kulungu, tumeliazima. Dume la kulungu wa kwetu Afrika lina pembe za kudumu. La huyu wa huku Marekani, wa mkia mweupe, hudondosha pembe kila mwaka, zikaota nyingine. Basi, tuendelee kumwita hivyo hivyo.

Uko mtini, juu ya dungu lako. Jike mzee ametangulia. Ghafla anasimama, shingo juu, masikio yote mawili yamekuelekea. Hapo ndipo mgeni anapoharibu. Anavuta upinde haraka haraka, eti amuwahi kabla hajakimbia. Nani kakwambia anakimbia? Amehisi kitu, hajajua ni nini. Jicho lake hukamata mtikisiko kuliko umbo. Hata koti la rangi ya machungwa tunalolazimishwa kuvaa msimu wa bunduki, yeye halioni kwa ukali tunaouona sisi. Kwa hiyo anakupima. Atapiga kwato la mbele chini, mara moja, mara mbili. Kisha atainamisha kichwa kana kwamba anakula, na kukiinua ghafla. Huo ni mtego! Mwaka wangu wa pili ulininasa: alipoinama nikainua mkono, kumbe hakuwa amegusa hata jani. Akapuliza pua kwa kishindo, mkia mweupe ukasimama kama bendera, na bonde zima likapata habari.

Sasa mimi huacha kumkazia macho, natazama miguu yake. Mkono ukiwa nusu njia, unabaki nusu njia, hata bega liwake moto. Nangoja mkia uchezecheze kidogo, masikio yageuke kusikiliza kwingine, atafune kweli. Halafu nahesabu pumzi thelathini. Ndiyo, thelathini. Msicheke.

Macho na masikio unaweza kuyashinda kwa kutulia. Pua, sahau. Mabaharia wa kwetu wangekwambia ukae demani kwake, upepo utoke kwake uje kwako. Na kwenye milima hii, asubuhi jua likipasha mteremko hewa hupanda, jioni hushuka, kwa hiyo dungu la asubuhi huenda lisikufae jioni.

Na akiwa bado amekaza misuli, usifyatue. Tupige hesabu. Mshale wa upinde wa kisasa huenda kama mita 85 kwa sekunde. Sauti huenda kama mita 340. Akiwa umbali wa mita 30, mlio wa uzi unamfikia mapema, naye anabaki na kama robo sekunde kabla mshale haujafika. Hiyo inamtosha. Hujikunja kwanza ili aruke, mwili ukashuka, mshale ukapita juu ya mgongo. Hiyo ndiyo bahati nzuri. Mbaya ni ukimpata pasipofaa, ufuate damu kwa tochi hadi usiku wa manane, na mnyama anateseka porini. Aliyeshtuka simpigi, hata kama nyumbani wataniuliza nyama iko wapi.

Haya, wenye maswali. Lile la bismillahi kabla ya kuachia mshale tumwachie shehe, yuko hapa mbele.