Mnaosema nikachukue hela za serikali ya Marekani, jibu lenu hili hapa

Haya wapendwa, leo nalijibu hili swali, maana nikigusia tu kodi ya nyumba, mtu anaandika: "Dada, si ujiandikishe? Huko serikali inalisha hata wasiofanya kazi." Nikikaa kimya nina roho mbaya, nikieleza najisikia. Sawa.

Mimi nina grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani, niliyoipata kwa ndoa. Mume wangu ndiye aliyesaini kwamba sitakuwa mzigo kwa serikali. Walitaka karatasi zake za kodi na za mshahara, na faili likarudishwa kisa sahihi moja. Ada mnajua wenyewe. Na hata ukishapata kadi, mtu mzima kwa kawaida anasubiri miaka 5 ndipo aombe msaada wa chakula. Sheria ya 1996 hiyo. Chama cha Republican kiliisukuma bungeni, Rais Clinton wa chama cha Democrat akaisaini.

Msidhani wametubania sisi wageni tu. Mwaka 1887 wakulima wa hapa Texas walipigwa na ukame, Bunge likapitisha dola 10,000 wanunuliwe mbegu. Rais Cleveland akagoma kusaini. Hoja yake: wananchi waitegemeze serikali, lakini serikali isiwategemeze wananchi, watazoea kulelewa; wenye huruma wachange wenyewe. Mbegu, jamani!

Halafu 1976 Reagan, akiutafuta urais, akawa anasimulia mwanamke wa Chicago mwenye majina 80 anayekula posho za serikali. Mwizi huyo alikuwepo kweli, sikatai, ila mahakamani majina hayakufika popote karibu na hapo. Mimi nipo kaunta ya duka, matunda ya hadithi ile nayaona. Mama analipia kwa kadi ya chakula: kuku mbichi anapita, kuku wa moto aliyeokwa anakataliwa na mashine. Anamrudisha, na nyuma yake mtu anaguna, "kodi zetu hizo." Nami nakatwa kodi hiyo hiyo kila mshahara, na kuomba bado siruhusiwi.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyesambaza kwenye grupu la familia kwamba nalipwa nikiwa nimelala, nimeiona. Nilikuwa zamu ya usiku.

Haya ni yangu mimi. Aliyeingia kama mkimbizi, au mwenye mtoto aliyezaliwa huku, mambo yake ni mengine, na sheria zinabadilishwa kila leo. Atafute mwanasheria, asije kusema mimi ndiye niliyemshauri.