Vidole Ndivyo Vinavyosema: Mhadhara juu ya Kuvunjika kwa Kigasha na Kifundo cha Mkono, Goma

Wazee wetu, mama zetu, ndugu waunga mifupa mlioitikia mwaliko, na ninyi vijana wa chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo, na wa moto, yaani pikipiki, mlioacha vyombo vyenu hapo nje, asanteni kwa kuja. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa katika chumba cha plasta, na leo nitazungumza juu ya sehemu moja tu ya mwili, yaani mkono kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha kiganja. Nimeichagua kwa sababu katika mji huu uliojengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, anayeteleza mara nyingi haangukii udongo, bali jiwe lenye meno. Na kila anayeanguka hutanguliza kiganja kabla hajafikiri. Uzito wa mwili mzima hupita katika kiganja hicho, ukaingia kwenye kifundo, ukapanda kwenye kigasha.

Kigasha kina mifupa miwili. Ulio upande wa kidole gumba huitwa radiusi, na ulio upande wa kidole kidogo huitwa alna. Kunjeni viwiko, mgeuze viganja juu kama watu wanaopokea kitu, kisha mvigeuze chini: mlichofanya ni kuuzungusha ule wa gumba juu ya mwenzake. Ndiyo maana mtu mzima aliyevunja mifupa yote miwili katikati ya kigasha kwa kawaida hatumwambii kwamba plasta itatosha. Mifupa hiyo ikiungana huku imepinda, kiganja hakitageuka tena kama zamani, naye atapata shida kupokea pesa mkononi au kujinawisha uso. Kwa hiyo mara nyingi huhitaji kupasuliwa na kuwekewa vyuma vinavyokazwa kwa skrubu. Mtoto ni habari nyingine. Mfupa wake huweza kupinda na kupasuka upande mmoja tu, kama kijiti kibichi cha mkaratusi, na ukinyooshwa na kufungwa vizuri huungana kwa wiki chache. Hata upindo mdogo uliobaki karibu na kifundo, mwili unaokua huusahihisha wenyewe. Lakini mfupa uliojisokota hausahihishwi na umri.

Kwa watu wazima, tunaouona zaidi ni mvunjiko wa mwisho wa radiusi, karibu kabisa na kifundo, na huwapata hasa mama waliokwisha koma hedhi, ambao mifupa yao imepungua nguvu. Daktari Abraham Colles wa Dublin aliueleza mwaka 1814, miaka 81 kabla ya kugunduliwa kwa eksirei, akitegemea macho yake na vidole vyake. Ukiutazama mkono huo kwa ubavu, unafanana na uma wa mezani uliolazwa. Nalitaja jambo hili kwa heshima mbele ya ndugu zetu waunga mifupa, kwa kuwa najua vidole vyenu vimezoea kusoma mfupa chini ya ngozi. Hata hivyo kuna mfupa mmoja unaotudanganya sote. Inueni kidole gumba: mtaona kishimo chini yake, upande wa kifundo. Ndani yake umelala mfupa mdogo wenye umbo la mtumbwi, uitwao skafoidi. Mtu akianguka na kuumia hapo, picha ya eksirei, au redio kama tunavyosema hapa mjini, inaweza kuonekana safi siku ya kwanza. Sisi humfunga hivyohivyo na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Hatufanyi hivyo kwa woga. Damu nyingi ya mfupa huo huingia kutoka ncha iliyo karibu na vidole, kwa hiyo ukikatika na kupuuzwa, kipande cha upande wa pili huweza kukosa damu kikafa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alituletea mwanawe wa miaka tisa, aliyeanguka kutoka juu ya chukudu iliyobeba makaa. Mkono ulikuwa umefungwa kwa vipande vya mwanzi na kamba za mpira wa gurudumu, umekazwa tangu kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko. Usiku wa kwanza mtoto alilia hadi alfajiri, na wakubwa wakasema ni dawa inafanya kazi. Siku ya pili akanyamaza, mama akashukuru kwamba maumivu yamepoa. Siku ya tatu nilipofungua zile kamba, vidole vilikuwa baridi, vimekakamaa, na ncha zake zimekuwa nyeusi. Mtoto alinyamaza kwa sababu mishipa yake ya fahamu ilikuwa imekufa. Mkono ulikatwa chini ya kiwiko. Nilipoitazama picha, mfupa wenyewe ulikuwa umepasuka upande mmoja tu, na plasta ya wiki chache ingetosha.

Naomba tuelewe jinsi jambo hili linavyotokea. Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya vifuko vya utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu humwagika na nyama huvimba, na uvimbe huo huendelea kuongezeka siku ya kwanza na ya pili. Ukiwa umekaza kitu kwa nje, uvimbe hauna pa kwenda. Shinikizo hupanda ndani hadi linazidi nguvu ya damu katika mishipa midogo, na nyama huanza kufa ndani ya saa chache, pengine sita tu. Hata mapigo kwenye kifundo yanaweza kuendelea kusikika wakati nyama ndani inakufa. Richard von Volkmann, daktari wa Ujerumani, aliandika mwaka 1881 juu ya mikono inayobaki imejikunja kama makucha baada ya kufungwa kwa kukazwa mno. Wala msidhani nawasema waunga mifupa peke yao, kwani nimeona plasta iliyofungwa na wenye koti jeupe ikileta balaa hilohilo.

Kwa hiyo, aliyeumia akianguka mbele yako, vua kwanza pete na bangili kabla kidole hakijavimba. Usiuvute mkono wala usiukande. Chukua katoni au vipande viwili vya ubao, vizungushie kitambaa laini, ufunge gango kwa namna ambayo kidole chako kinaweza kupita chini ya fundo, vidole vya mgonjwa vikibaki wazi, kisha utundike mkono shingoni kwa kitenge. Ikiwa ngozi imechanika, funika kidonda kwa kitambaa safi, usirudishe mfupa ndani wala kupaka majani, umfikishe hospitalini mara moja. Anahitaji kuoshwa kidonda, antibiotiki na sindano ya pepopunda, na kila saa inayopita ina gharama yake.

Kwetu, mwenye mvunjiko wa kifundo uliohama huchomwa ganzi penye ufa. Mmoja wetu hushika juu ya kiwiko kilichokunjwa, mwingine huvuta vidole polepole kwa dakika kadhaa, hadi mifupa iachane na kurudishwa mahali pake. Bendeji ya jasi, ambayo Antonius Mathijsen wa jeshi la Uholanzi aliieleza mwaka 1852, huzamishwa katika maji yasiyo ya moto hadi viputo vikome, ikakamuliwa na kuzungushwa juu ya pamba. Inapokauka huwa vuguvugu, na wagonjwa wengi hushtuka. Ni jasi inayoganda. Siku za mwanzo, penye uvimbe mwingi, hatuzungushi duara zima. Tena plasta haipiti mstari wa kiganja, ili vidole vikunjike tangu siku ileile, maana kidole kilicholazwa wiki sita huwa kigumu kuliko mfupa uliovunjika. Picha hurudiwa katika wiki ya kwanza na ya pili, kwa kuwa mfupa uliokaa sawa unaweza kuteleza ndani ya plasta.

Plasta ya kifundo hukaa wiki tano hadi sita. Ikitolewa, mkono huonekana mwembamba, wenye ngozi iliyopauka, nao hukataa kupinda. Hapo ndipo kazi ya mgonjwa inapoanza, kukamua kitambaa ndani ya beseni la maji vuguvugu na kugeuza kiganja juu na chini, kidogo kidogo, kila siku.

Kabla ya maswali, naomba kila mmoja amshike jirani yake mkono. Bonyeza kucha yake hadi iwe nyeupe, uachie, uhesabu moja, mbili. Wekundu lazima uwe umerudi. Sasa mwambie akukabidhi vidole, uvinyooshe taratibu, na umuulize kama vinauma. Kwa mtu aliyevunjika mkono, maumivu makali ya kunyooshwa vidole, maumivu yanayozidi licha ya dawa, ganzi, au kucha inayokawia kurudisha rangi, yana jibu moja: legeza kila kilichofungwa, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama nimekifunga mimi, na umlete. Haya, badilishaneni mikono, mrudie tena.