Maji Yetu Hayaendi Baharini: Mikroplastiki, Chembe Nano na Samaki wa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Kila mkutano wa mazingira ninaohudhuria hapa Mbeya hufunguliwa kwa picha ya kasa aliyenaswa na plastiki, nami kila mara huuliza swali lile lile: sisi na bahari wapi na wapi? Mvua inayosomba mitaro ya jiji hili kuelekea magharibi huingia mto Songwe, na Songwe huo, si ule wa mpakani na Malawi, humwaga Ziwa Rukwa, ambalo halina mto hata mmoja unaotoka. Maji yake hupungua kwa mvuke tu, na plastiki haipandi na mvuke. Kiwira na Mbaka huteremkia Ziwa Nyasa, lenye kina cha mita 700 hivi, ambalo nalo hupoteza maji mengi zaidi kwa mvuke kuliko yanayotoka kwa mto Shire. Kinachoingia humo kimehamia.

Wapo watakaonikumbusha marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019. Naikumbuka, na niliishangilia. Lakini hebu chukueni ule mfuko mbadala mliokuja nao, unaofanana na kitambaa, muusugue kwa kidole pale mkono ulipounganishwa. Utaota manyoya. Manyoya yale si pamba. Ni polipropilini, plastiki ile ile ya salfeti tunazojazia viazi vya Uporoto na kuzirundika juani kando ya barabara hadi zinapukutika zikiguswa. Jua hudhoofisha nyuzi, upepo na maji humalizia kazi, na kipande kikishuka chini ya milimita 5 tunakiita mikroplastiki. Ongezeni nyuzi za poliesta za mitumba tunayofulia mtoni, na vumbi la matairi ya malori yanayoteremka Iwambi. Marufuku ile haikugusa hata kimoja kati ya hivi.

Najua pingamizi linalofuata: utumbo wa samaki tunautupa. Kwa sangara na sato, sawa. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya samaki walionunuliwa Mwanza, wakathibitisha plastiki matumboni mwa asilimia 20 ya kila aina. Lakini usipa, yule dagaa wa Ziwa Nyasa anayevuliwa Matema, nani anamtumbua? Anaanikwa mzima, anakaangwa mzima, analiwa na kichwa chake. Chakula chake ni vijidudu vinavyoelea majini, ambavyo vingi humeza chembe ya plastiki kama vinavyomeza mwani, hasa chembe iliyokwisha kuota utando wa bakteria. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa kijidudu kilichoshiba plastiki kinaweza kula kidogo na kuzaa kidogo. Sisemi msile usipa. Mimi mwenyewe nawala. Nasema tumbo lao lipimwe kabla hatujahangaika na la kasa.

Muda umenitupa mkono, hivyo chembe nano nazipitia mbiombio. Hizi ni za nanomita 1 hadi 100, na hutengenezwa kwa makusudi: madini ya fedha kwenye soksi ili zisinuke, oksidi ya zinki na ya titani kwenye krimu za kukinga jua, ambazo ndugu zetu wenye ualbino wanazihitaji na hakuna mwenye akili atakayewanyima. Fedha hiyo hutoa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinazokaba njia ya sodiamu ya chumvi kwenye matamvua, na samaki wa maji baridi huishi kwa kufyonza chumvi kidogo iliyomo majini. Kwenye maji yenye chumvi nyingi chembe hizi hugandamana na kuzama. Kwenye maji laini, yaani yenye madini machache, huweza kuelea muda mrefu zaidi, kwa hiyo vipimo vya pwani havitatufaa.

Suala la viuatilifu kujishikiza kwenye plastiki naliacha, maana lina ubishi wake na mwenyekiti ameshasimama. Kwa wenzetu wa idara ya maji ninaomba tope la mdomo wa Songwe lichotwe kabla ya mvua za Novemba, lichotwe tena zikikatika mwezi Mei, na lichotewe kwenye chupa za kioo, tafadhali, si kwenye madumu.