Nati na Boliti za Ekseli ya Mbele ya Pikipiki

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nitazungumzia vifungio vya ekseli ya mbele ya pikipiki, yaani nati iliyo mwishoni mwa ekseli, boliti ndogo zinazoibana ekseli chini ya miguu ya shokapu, na washa na pini zinazoandamana nazo. Vifungio hivi vinashikilia gurudumu linaloongoza chombo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya kufunga breki, lakini kwa maoni yangu hukaguliwa kwa uzembe, kwa sababu mkaguzi akishaona kwamba nati ipo huridhika na kuendelea na mengine.

Kuwepo kwa nati si ushahidi kwamba inafanya kazi. Boliti inapokazwa hurefuka kidogo sana, kama mpira uliovutwa, na ule utashi wake wa kurudi katika urefu wa awali ndio unaobana vipande viwili pamoja. Boliti ambayo haikuvutwa ipasavyo hubaki mahali pake huku vipande vikisuguana kila breki inapokamatwa, na mtikisiko huo ndio unaoifungua hatimaye. Iliyovutwa kupita kiasi, kwa upande wake, imekwisha kurefuka moja kwa moja bila kurudi, na hata ukiikaza upya haitabana kama zamani.

Ugumu wetu ni kwamba hatuwezi kuupima mvuto huo kwa mkono wala kwa jicho. Tunachopima kwa spana ya torki ni nguvu ya kuzungusha, na takriban asilimia 90 ya nguvu hiyo humezwa na msuguano wa hesi, yaani mifereji ya mzunguko kwenye boliti na nati, na wa uso unaokaliwa na nati. Kiasi kama asilimia 10 tu ndicho kinachoivuta boliti. Kwa hiyo hesi yenye kutu hufikisha kipimo kabla boliti haijabana, na hesi iliyopakwa grisi hufikisha kipimo kilekile boliti ikiwa imevutwa kupita kiasi. Kitabu cha mtengenezaji kikitoa kipimo cha hesi kavu, ikauke kweli. Utando mwembamba wa grisi kwenye mwili wa ekseli huzuia kutu, lakini usifike kwenye hesi bila kitabu kuelekeza.

Ukaguzi huanza kwa macho. Vumbi jekundu kandokando ya nati, au mchirizi wa kutu unaotoka kwenye mdomo wa kibano, yaani sehemu ya mguu wa shokapu inayoibana ekseli, huonyesha kwamba chuma kimekuwa kikisuguana. Kisha inua gurudumu la mbele, ulishike juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, usikimbilie kuilaumu nati: gurudumu likisogea peke yake huku shokapu zimetulia, shaka iko kwenye ekseli au beringi za gurudumu, shokapu zikisogea pamoja nalo, tazama beringi za usukani.

Wakati wa kufungua, legeza kwanza boliti za kubana, ndipo uiguse ekseli au nati yake. Anayezungusha ekseli ikiwa bado imebanwa huichubua pamoja na tundu lake, na madhara hayo hayaondolewi kwa nati mpya. Kumbuka pia mpangilio wa bushi, yaani vipande vya bomba vinavyokaa kwenye ekseli kandokando ya gurudumu, na upande wa kila moja.

Boliti ikishatoka, isafishe kwa brashi ya waya, kisha zungusha nati mpya kwa vidole katika urefu wote wa hesi. Ikikwama sehemu moja, hesi imerefuka au imeharibika, na boliti hiyo itupwe. Nati yenye pete ya nailoni ikipita yote kwa vidole, pete haishiki tena. Spilipini, yaani pini inayokunjwa ncha ili nati isizunguke, ikishakunjuliwa isirudishwe hata kama inaonekana nzima, kwa kuwa chuma kilichokunjwa na kunyooshwa kimedhoofika pale pale penye mkunjo.

Katika kuchagua ya kubadilishia ndipo ninapoona makosa mengi. Alama ya 8.8 juu ya kichwa cha boliti ina maana kwamba hukatika kwa mvuto wa takriban nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na huanza kurefuka moja kwa moja kwa asilimia 80 ya kiasi hicho, yaani 640. Boliti ya 10.9 hufika 1000 na 900. Ile isiyoshika kutu yenye alama ya A2-70, ambayo hupendwa kwa mng'ao wake, hufika 700 na 450 tu. Uzuri wake usimshawishi mtu kuiweka mahali pa ile ya awali. Urefu nao una uzito: fupi mno hushika hesi chache za alumini na kuzing'oa, na ndefu mno hugonga mwisho wa tundu, ikaonekana imekaza ilhali haijabana chochote. Hesi ya alumini ikishang'oka, tundu lichongwe na kuwekewa koili ya chuma, badala ya kulazimishiwa boliti nene.

Wakati wa kurudisha, kaza nati ya ekseli kwa kipimo chake, shusha pikipiki, shika breki ya mbele na ubonyeze shokapu mara kadhaa ili miguu yake ijipange yenyewe kwenye ekseli. Ndipo ukaze boliti za kubana kwa zamu, ukirudia ya kwanza baada ya ya pili, kwa sababu ya pili ikikazwa huilegeza ya kwanza. Ikiwa kibano ni cha kifuniko chenye nati nne na mshale unaoelekea mbele, kwa kawaida nati za mbele hukazwa kwanza hadi kipimo, kisha za nyuma, na upenyo hubaki nyuma. Upenyo huo usijaribiwe kuzibwa.

Kabla ya kuondoka, bonyeza mkono wa breki hadi uwe mgumu, maana pedi zilizosogezwa haziigusi diski mara ya kwanza. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mguu wa shokapu, na baada ya safari fupi ya kwanza tazama kama mstari bado umenyooka.