Kabla ya Rangi, Lala Chini ya Gari

Marahaba, marahaba wanangu. Kaeni. Waliokosa viti wakalie matairi yale.

Nimeombwa nizungumze nusu saa juu ya kufufua gari la zamani. Wanaonijua wanajua nusu saa naimaliza nikiwa bado uvunguni, boneti sijaigusa. Kwa hiyo aliyekuja kwa habari za rangi na rimu aende akanywe chai. Akirudi atanikuta kwenye chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima.

Wakati naingia nimepita Land Rover moja ya kijani, 109, ile ndefu, iko pale chini ya mwembe. Inang'aa mpaka nimeziona mvi zangu ubavuni mwake. Mwenyewe yupo? Aa, ni wewe. Umeinunua lini? Miezi mitatu. Ndilo gari lako la kwanza? Hongera sana. Umewahi kulala chini yake? Mnamwona, anacheka. Haya, mimi na wewe tutaonana.

Shida ya Land Rover ni kwamba inadanganya kwa heshima. Toyota kuukuu ikioza unaiona: mlango umetoboka, matao ya matairi yamebomoka, unapunguza bei au unaondoka. Land Rover haikuonyeshi. Ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinapatikana kwa mgao, lakini alumini ilikuwepo. Wakaivika bodi ya aloi ya alumini. Basi hadi leo kijana anasikia "bodi yake haishiki kutu", kichwani mwake inageuka kuwa "gari lake halishiki kutu". Wapi! Chini ya bodi hiyo kuna chasisi ya chuma, na mbele ya miguu yako kuna ukuta wa chuma unaokutenga na injini. Hivyo viwili vinaoza kama chuma kingine chochote, tena kimyakimya. Wazee walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hivi vyenu vyaelea, lakini vimeoza.

Chasisi yenyewe ni boksi. Ni mabamba ya chuma cha milimita mbili hivi, yamechomelewa kingo kwa kingo. Ndani ni wazi. Ina matundu ya kutolea maji, ila matundu hayo hayo ndiyo yanayoingiza matope, na matope yakikauka yanayaziba. Maji yanabaki ndani. Kwa hiyo kutu inaanza ndani kuja nje, kama mchwa kwenye boriti. Ukiona doa nje, ujue ndani alishakula, akashiba, akazaa.

Nawapa kisa. Ndiyo, kile cha saruji. Mliokwisha kukisikia vumilieni, kuna wageni.

Nilikuwa na miaka 22. Nikanunua 109, Series III, yaani toleo la tatu, huko Pangani, kwa bwana mmoja aliyekuwa akisombea samaki na barafu. Akaniwashia injini. Ilinguruma vizuri, akaniambia haijawahi kufunguliwa, nami nikaamini, maana nilikuwa nimeshaamua kuamini tangu usiku uliotangulia. Nikalipa. Nikaifikisha Tanga, nikaipiga rangi ya bluu, nikafunga redio ya kaseti yenye spika nne. Mjomba wangu alikuwa fundi bati Ngamiani. Akaizunguka mara moja, akauliza neno moja tu: "Umeigonga nyundo?" Nikajisemea, huyu mzee ana wivu.

Masika yakaingia. Nikapata mzigo wa kwanza, mifuko 20 ya saruji kupeleka Lushoto. Wenye hesabu mmeshajua hiyo ni tani moja. Mombo nikapita salama, nikaanza kupanda kona za Soni, redio inaimba. Gurudumu la nyuma likaingia kwenye shimo, si shimo kubwa, la kawaida tu. Nikasikia mlio kama mtu aliyevunja muwa gotini. Gari likakaa kitako. Nimeshuka nakuta mkia umelalia tairi, kishikio cha springi kimeng'oka na nyama yake, na ile boriti ya nyuma, ile inayofunga chasisi mkiani, imeachana upande mmoja.

Nikaingia chini kwenye matope. Palipokatika hapakuwa na chuma. Kulikuwa na gunia, gazeti, puti juu yake, kisha lami nyeusi imepakwa kwa ufundi kabisa. Lile gazeti lilikuwa bado linasomeka. Nimelala chali, mvua inanipiga miguuni, nasoma matokeo ya mpira. Na timu yangu ilikuwa imefungwa.

Turubai halikutosha. Mifuko 20 ya saruji ikawa mawe 20. Mwenye mzigo sitaki hata kumkumbuka. Mjomba alifika siku ya pili kwa basi. Hakunisema. Alifungua mkoba wake akanipa nyundo, akaenda kukaa kwenye jiwe akavuta sigara.

Kwa nini gari lile lilioza namna ile wakati mwenzake wa Dodoma, umri uleule, angekuwa mzima? Samaki. Barafu inayeyuka, maji yana chumvi, yanapenya sakafuni, yanaingia ndani ya chasisi. Kutu inataka chuma, maji na hewa. Chumvi inafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo, basi yote yanakwenda mbio. Halafu kutu inavimba. Chuma chembamba kinazaa kutu nene, ndiyo maana mabamba yaliyoungana yanafunguka tabaka tabaka kama chapati. Kwa hiyo ukinunua gari hapa pwani, usiulize kwanza limetembea kilomita ngapi. Uliza limebeba nini.

Sasa namna ya kuliangalia. Nyundo ndogo na bisibisi ya zamani, basi. Gonga: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya boksi la karatasi. Pasipolia, chokonoa kwa bisibisi kwa nguvu. Muuzaji akikukataza, umeshapata jibu bila kuchokonoa. Anza na boriti ya nyuma, nenda kwenye vishikio vya springi vyote, halafu ile mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kubeba ukuta wa mbele na bodi. Kisha inua mkeka, tazama pale unapokanyagia, na nguzo za bawaba za milango. Na pale kwenye kishikio cha springi ya mbele kulia, kwangua taratibu, utakuta namba ya chasisi imegongwa. Ilingane na kadi ya gari. Kuna kijana alikikata kipande hicho kwa sababu kimeoza, akakitupa na namba yake, kisha akaja kuniuliza afanyeje. Nilimwambia akatafute jalala alilotupa.

Najua kuna mtu moyoni anasema: mzee, sisi tunapiga oili chafu chini, kutu haiji. Mwanangu, oili chafu ni bora kuliko hakuna, sikatai, nimeipiga miaka. Lakini unaipiga nje na ugonjwa uko ndani. Inatafuna mipira ya springi na paipu za mpira za breki, na inashika vumbi mpaka unakuwa na shamba la mihogo huko chini. Na ukiipiga juu ya matope yenye maji, umeyafunikia maji yasikauke. Mwingine anasema Coca-Cola inatoa kutu. Inatoa, kwenye nati moja ndani ya kikombe ukiiacha ilale, kwa sababu ina asidi ya fosforasi kidogo. Chasisi ya 109 utailaza kwenye kikombe gani? Asidi hiyohiyo inauzwa kama dawa ya kutu, yenye nguvu, na inafaa kwa kutu ya juu juu baada ya burashi ya waya. Penye tundu haifai kitu. Hakuna dawa inayorudisha chuma kilichokwisha kuliwa.

Na puti? Puti ni ya kusawazisha bodi. Mtu akikuwekea puti kwenye chasisi, huyo si fundi wa magari, ni mpishi.

Dawa ya chuma kilichooza ni kukikata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa. Vijana wengi mnashindwa hapo. Mnaona huruma, mnachomelea kiraka juu ya kuoza, moto unakitoboa zaidi, mnapanua kiraka, mwisho gari zima ni viraka vinavyoshikana mikono hewani. Kata kwa ujasiri. Kisha weka bamba la milimita mbili au tatu, lililokatwa likakaa sawasawa. Si bati la kuezekea! Bati la nyumba halifiki hata nusu milimita, na juu yake limepakwa zinki. Ukilichomelea linatoa moshi mweupe, jioni unatetemeka kwa homa ukidhani malaria. Na maziwa mnayokunywa baada ya kuchomelea, kunyweni kwa sababu ni matamu. Yanakwenda tumboni, moshi ulikwenda mapafuni, hawa wawili hawakutani. Kwangua zinki kabla ya kuchoma, fanyia kazi penye upepo, vaa barakoa ya kazi hiyo.

Usikate sehemu mbili kwa wakati mmoja. Hili naomba mliandike. Chasisi ikikatwa huku na huku inajipinda kwa uzito wake, nawe utachomelea upinde udumu milele. Chukua utepe, pima kona kwa kona: mbele kushoto hadi nyuma kulia, mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo viwili vilingane kabla, na vilingane baada. Gari likae juu ya stendi, kwenye sakafu ngumu. Si kwenye jeki peke yake, wala kwenye matofali ya saruji, tofali linapasuka bila kukuaga.

Na tangi. Kwenye gari hili mara nyingi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, yaani jirani kabisa na hiyo mikono unayotaka kuichomelea. Mnaniambia, "Mzee, limeisha mafuta, halina kitu." Tangi lisilo na mafuta ndilo limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Lifungue, litoe, lipeleke mbali. Vua na waya wa betri. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Sitanii hapa.

Mnanionyesha saa. Nimeiona.

Basi haraka. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, inaacha unga mweupe. Ukirudisha bodi weka mpira au rangi nzito katikati. Breki: oili ya breki inavuta maji kutoka hewani, gari lililolala miaka mitano lina kutu ndani ya silinda zake, kwa hiyo mzifungue zote kabla halijatembea hata hatua moja, siyo baada ya kugonga ukuta wa jirani. Umeme: waya hasi unarudi kupitia chasisi, ukipaka rangi kila mahali taa zinafifia na unamlaumu fundi umeme bure, kwangua pale ati, yaani waya huo wa kurudi, inapofungwa. Series II za mwanzo ati yake ni chanya, kinyume na mlivyozoea, ulizeni kabla ya kufunga redio. Viti, vioo, kabureta, nilikuwa nimeviandika hapa, viacheni.

Nani kauliza habari ya fedha? Wewe. Sikupi bei, kila gari lina deni lake. Ila gawa fungu lako hivi: la chasisi na breki liweke kando usiliguse kwa kingine, na rangi inunuliwe kwa kitakachobaki. Kisipobaki, gari litembee na praima nyekundu. Mimi ya kwangu ilitembea hivyo miaka miwili, wasichana wa Ngamiani wakiiita "gari la zimamoto". Nilioa humohumo.

Na mtu asiniambie kwamba ni kupoteza muda, kwamba anunue gari dogo la Japani aendelee na maisha. Anunue. Sijamkataza. Mwanangu wa kiume anayo hiyo ya Japani na hajawahi kuifungua nati hata moja. Oktoba 2024, walipokusanyika wenye Land Rover kule Arusha, alikuja kuniomba ile ya bluu aende nayo. Nikamuuliza, umeigonga nyundo? Akanitazama vilevile nilivyomtazama mjomba. Sikumpa.

Haya, imetosha, wenye ukumbi wanataka viti vyao. Tutoke nje wote. Wewe wa gari la kijani, kalete jeki na stendi. Bisibisi ninayo.